Haki ya Mnyama Aliyezeeka

Twaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwenye rehema zisizo mpaka. Sifa zote ni zake Yeye aliyeumba kila chenye kutembea juu ya ardhi, akakikadiria riziki yake na ajali yake. Na sala na salamu zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aliyeletwa kuwa rehema kwa watu na kwa wasiokuwa watu, na ziwashukie jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja, Kilwa, Lindi na Mikindani: mimi ni mwalimu wa chuo katika Nalasi, nchi ya Tunduru, mkoa wa Ruvuma. Dini ilitufikia sisi Wayao kwa njia za misafara iliyokuwa ikishuka Kilwa na kurudi, na kwa waalimu waliosoma kwenu. Basi si ajabu nasi tukiwaletea maneno machache, kwani bakuli la jirani halirudishwi tupu.

Maneno yenyewe ni juu ya sungura mzee. Najua yuko atakayelisoma neno hili akacheka, akasema: Je, masiala ya dini yamekwisha hata twaandikiwa khabari za sungura? Nami namwambia: Ndugu yangu, usicheke upesi. Mimi nilicheka kabla yako, na kicheko changu kilinitia katika kosa ambalo mpaka leo namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe.

KISA CHENYEWE

Mtoto mmoja katika wanafunzi wangu, umri wake miaka 11, alikuwa na sungura jike wa kufuga aliyeachiwa na bibi yake. Sungura huyo alikuwa ametimiza miaka 7. Katika ujana wake alizaa mara nyingi, na vitoto vyake viliuzwa, na kwa fedha hizo mtoto yule alinunuliwa juzuu, na kanzu, na kofia ya kuendea msikitini. Kisha uzee ukamfika yule sungura, na miguu yake ya nyuma ikaanza kulegea. Kwanza aliacha kuruka. Halafu akawa akitembea akiyumba. Mwisho akawa akijikokota kwa miguu ya mbele, na ile ya nyuma ikimfuata kama kitu kisicho chake. Kwa kuwa hakuweza kujiinua, mkojo wake ukawa unamlowesha, na harufu ikaingia nyumbani.

Baba yake mtoto akasema: "Huyu hazai tena, nyama yake imekauka, tena ananuka. Ya nini kuendelea kumlisha?" Mtoto akaja kwangu baada ya darasa, akaniamkia kwa adabu, akasema: "Mwalimu, sungura wangu hawezi kutembea. Baba ataka atupwe. Je, yajuzu?"

Nami siku hiyo nilikuwa na haraka, nimeitwa mazikoni. Nikacheka, na watoto wote wakacheka kwa kuniona mimi nimecheka. Nikamwambia: "Mwambie baba yako amrudishe mwituni alikotoka, Mungu atamruzuku." Mtoto hakucheka. Akasema, "Naam, mwalimu," akaenda zake.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, nalifungua kitabu cha Sheikh Izzuddin bin Abdissalam kinachoitwa Qawaidul Ahkam, nikitafuta jambo jingine kabisa. Huyu ni mwanachuoni mkubwa katika madhehebu yetu ya Shafi'i, mtu wa Damascus, aliyefariki Misri mwaka 660 wa Hijria, ndio 1262 wa Miladi. Katika kupekua nikafika mahali anapozihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu. Na haki ya kwanza anayoitaja ni kwamba mwenye mnyama ampe masurufu yanayomstahili, hata kama mnyama huyo amelemaa au ameugua ugonjwa usiotumainiwa kupona, akawa hana faida yoyote tena.

Nikalisoma mara ya pili na ya tatu. Hapana mahali pa kupitia. Nikakifunga kitabu, nikatwaa tochi, nikaenda nyumbani kwa yule mtoto. Baba yake akanipokea, akasema: "Mwalimu, tumekwisha fanya kama ulivyoagiza. Jioni nimemchukua hata mwisho wa mikorosho, nikamwacha huko." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyetii fatwa.

Tukatoka watu watatu, mimi na yeye na mtoto. Tukamkuta palepale alipowekwa, chini ya mkorosho. Hakusogea hata hatua tatu, kwa kuwa hakuwa na miguu ya kusogelea. Siafu walikuwa wamekwisha muanza mahali pale ngozi ilipolowa. Mtoto akapiga magoti, akawaondoa mmoja mmoja kwa vidole vyake, akampakata, mkono mmoja chini ya kifua na mmoja chini ya mapaja, akarudi naye nyumbani. Hakuniambia neno, njia nzima.

Asubuhi nikawakusanya wanafunzi wangu wote, nikawaambia: "Jana mwalimu wenu aliulizwa jambo la dini, akajibu kwa kicheko bila ya kutazama. Alikosea. Na jawabu ni hili." Nikawasomea. Na hayo niliyowasomea wao ndiyo ninayowaandikia ninyi, pamoja na yale niliyojifunza baadaye.

KATIKA MWENENDO WA MTUME WETU

Jueni, ndugu zangu, ya kuwa Mtume wetu (S.A.W.) hakuziona khabari za wanyama kuwa ni ndogo. Alipoingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, ngamia aliyekuwamo alimwona akalia na macho yake yakatoka machozi. Mtume akamsogelea, akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akamwuliza mwenyewe ni nani, na alipojitokeza kijana wa Kiansari akamkumbusha kumwogopa Mwenyezi Mungu katika mnyama aliyemmilikishwa, kwa kuwa ngamia yule amemshitakia kwamba anamshindisha na njaa na kumchosha kwa kazi.

Tena yuko mwanamke aliyetekwa na maadui, akaokoka kwa kumpanda ngamia wa Mtume, jina lake Adhbaa, akamkimbiza mpaka Madina. Naye njiani alikuwa ameweka nadhiri kwamba akiokolewa juu ya mgongo wa ngamia yule atamchinja. Mtume alipopata khabari alistaajabu, akabainisha kwamba hayo ni malipo mabaya mno kumlipa mnyama aliyemwokoa, na kwamba nadhiri ya maasi haitekelezwi, wala nadhiri ya kitu asichokimiliki mtu. Tazama, ndugu yangu, jinsi Mtume alivyolitaja neno la malipo kwa mnyama. Yule sungura wa Nalasi alimvisha mtoto kanzu na kumtia juzuu mkononi. Nasi malipo yake tulimpa siafu.

Wala wanyama wa kuwafurahisha watoto si jambo geni katika Sunna. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu yake mdogo, Abu Umair, aliyekuwa na kijidege cha kuchezea, na kijidege kilipokufa, Mtume alimwuliza mtoto yule khabari zake kwa upole, ili amliwaze. Wala hakumwambia kwamba ndege ni kitu cha upuuzi. Laiti ningalikikumbuka kisa hiki kabla ya kucheka mbele ya chuo kizima!

Na khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa ajili ya paka mnaijua nyote: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie vijidudu vya ardhi. Huenda mtu akasema: "Mimi sikumfunga mnyama wangu, nalimfungulia akaenda zake, basi mimi si kama yule mwanamke." Jawabu ni hili. Paka yule lau angalifunguliwa angaliweza kuwinda. Lakini mnyama ambaye miguu yake imekufa, ukimweka mwituni umemfunga, kwa kuwa kule kulegea kwa miguu ndiyo kamba yake. Tena neno langu la kwamba arudishwe alikotoka lilikuwa neno la ujinga. Sungura huyu wa kufuga asili yake ni nchi ya Andalus, ndiyo Uhispania na Ureno za leo. Na sungura wa mwitu wa nchi yetu ni jinsi nyingine. Kwa hiyo pori la Nalasi halikuwa kwake kamwe, hata alipokuwa mzima.

HUKUMU YAKE KATIKA MADHEHEBU YETU

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria, ndio 1277 wa Miladi, ameieleza hukumu hii katika Minhaj, katika mlango wa nafaqa, yaani masurufu ya mtu juu ya wale walio chini ya mkono wake. Mke yumo, watoto wamo, wazazi wamo, na mwisho wa mlango huo huo wamo wanyama. Muradi wa maneno yake ni kwamba mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, basi kwa mnyama anayeliwa hulazimishwa mojawapo katika mambo matatu: amlishe, au amwuze, au amchinje. Na kwa mnyama asiyeliwa hulazimishwa mojawapo katika mawili: amlishe au amwuze.

Na sungura ni katika wanaoliwa. Anas (R.A.) amesimulia kwamba walimfukuza sungura huko Marr Dhahran, akamkamata yeye, akampelekea Abu Talha, naye akamchinja akampelekea Mtume mapaja yake, na Mtume akayapokea. Basi mwenye sungura aliyezeeka ana milango mitatu, na kila mlango una sharti zake.

Mlango wa kwanza ni kumlisha na kumtunza mpaka ajali yake, na huu ndio bora kwa mwenye kuweza.

Mlango wa pili ni kumwuza au kumpa mtu atakayemtunza. Sharti yake ni kumweleza mnunuzi aibu yote iliyomo, kwani Mtume alimlaumu vikali mfanya biashara aliyeificha nafaka iliyolowa chini ya ile kavu, akamtoa mwenye kughushi katika njia yake.

Mlango wa tatu ni kumchinja. Sharti yake ni achinjwe kwa kuliwa, kwa kisu kikali, bila ya kunolewa kisu mbele ya macho yake wala kuchinjwa mbele ya wenziwe. Na akiwa mgonjwa ugonjwa unaoweza kumdhuru mlaji, nyama yake hailiwi, na mlango huu umefungwa.

Mlango wa nne haupo. Kumtupa, kumfungia njaa, kumwacha alale katika mkojo wake mpaka afe, yote hayo ni dhulma, wala hayahalaliki kwa kuwa mnyama hana ulimi wa kushitaki.

Na ninyi watu wa pwani mnao punda, na Lamu wamejaa. Punda hachinjwi kwa kuliwa, na vitabu vyetu vimekataza kumchinja asiyeliwa hata kwa kusudi la kumpumzisha na maumivu, navyo vikatoa mfano wa punda huyo huyo aliyelemaa. Basi punda aliyekubebea chokaa na mchanga miaka 15, akawa hawezi tena, milango yake ni miwili tu. Kumwachia vichochoroni ale takataka za jaani si mmojawapo. Mjini Lamu ilifunguliwa hospitali ya punda mwaka 1987, wakitibiwa bila ya malipo. Na katika Tanzania serikali iliweka Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Lakini Mwislamu hakungoja mwaka 1987 wala 2008 ili aijue haki hii. Tulikuwa nayo katika vitabu vyetu tangu zaidi ya miaka mia saba, na aibu yetu ni kuwa nayo bila ya kuitenda.

NAMNA YA KUMTUNZA

Elimu isiyotendwa ni mti usiozaa. Kwa hiyo mimi na yule baba tulimwendea bwana mifugo kumwuliza, na haya ndiyo muhimu katika tuliyofundishwa.

Sungura akitunzwa vema huishi miaka 8 mpaka 12. Kulegea kwa miguu ya nyuma kuna sababu nyingi: baridi yabisi ya viungo na uti wa mgongo, ambayo ndiyo desturi ya uzee, au kuvunjika uti wa mgongo, kwa kuwa mifupa yake ni myepesi na teke lake ni kali, naye akishikwa vibaya akapiga teke huweza kujivunja mwenyewe, au kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho mabingwa walikieleza katika sungura waliopooza tangu mwaka 1922, nacho hutoka katika mkojo. Kwa hiyo mwenye kumhudumia na anawe mikono kwa sabuni, khasa akiwa mwili wake ni dhaifu kwa ugonjwa.

Alazwe juu ya nyasi kavu nyingi, laini, wala si juu ya waya wala saruji tupu, kwani visigino vyake huota vidonda. Nyasi zibadilishwe kila siku. Sehemu zake za nyuma zitazamwe asubuhi na jioni, zifutwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na kukaushwa barabara. Asitumbukizwe majini mwili mzima, kwani hushituka. Inzi hutaga mahali penye unyevu, na mayai yao huweza kuangua funza kabla siku moja haijaisha. Kuchelewa kumtazama ni kumwua.

Chakula chake kikubwa ni majani, nacho kiwe karibu na kinywa chake, na maji katika chombo kipana kifupi. Sungura akipitisha siku nzima bila kula yumo hatarini, kwa kuwa matumbo yake husimama. Tena hula kile kinyesi chake laini, na hilo ni umbile lake, kwani mna chakula ndani yake. Asiyeweza kupinda mgongo hukikosa, kikamganda nyuma, basi na asafishwe. Kucha zake zikatwe, maana asiyetembea kucha zake hazisagiki. Awekwe kivulini, kwani joto humdhuru. Asinyanyuliwe kwa masikio kabisa, bali kwa mikono miwili, mmoja kifuani na mmoja chini ya mapaja. Wala asipewe dawa kwa kubahatisha. Zile za jamii ya penisilini sungura akizimeza huweza kumwua.

MASWALI NILIYOULIZWA

Aliniuliza mtu: "Mkojo wake ni najisi katika madhehebu yetu. Je, si kuitia najisi nyumba kwa ajili ya sungura?" Nikamwambia: Ndiyo, ni najisi, mkojo na kinyesi. Nawe una maji. Kibanda na kiwe mbali na mahali pa kusalia, na anayemsafisha awe na nguo yake ya kazi, aivue, aoshe palipoguswa, kisha aswali. Mama hupakatwa na mtoto mchanga wala haachi sala wala haachi mtoto.

Akauliza mwingine: "Mimi nina watoto wanane, nimpunguzie nani chakula nimpe sungura?" Nikamwambia: Usimpunguzie yeyote. Watoto wako wametangulia. Lakini majani ya shambani hayauzwi, na robo saa ya asubuhi na jioni haimfukarishi mtu. Na kama huwezi hata hilo, milango mingine miwili iko wazi. Chagua mmoja, ila usiingie katika ule usiokuwapo.

Akauliza wa tatu, naye alikuwa ndiye baba wa yule mtoto: "Mwalimu, mtu mwema hujulikana kwa mambo makubwa, itatufaa nini Kiyama huruma ya sungura?" Nikamwambia: Mtume ametueleza kwamba katika kila chenye ini bichi mna ujira, na kwamba Mwenyezi Mungu alimghufiria mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake. Sasa mbwa yule alimfaa nini mtu yule? Hakumlindia nyumba wala hakumwindia. Ndiyo maana kitendo kile kilikuwa safi. Kumlisha anayetufaa ni biashara. Kumlisha aliyekwisha kutufaa ni dini.

KHATIMA

Ndugu zangu, yule sungura aliishi miezi minne baada ya usiku ule. Miguu yake haikurudi. Lakini vidonda vilikauka, akawa akila, na alasiri mtoto alimtoa akamweka juu ya mkeka mkuukuu uani, ajikokote kidogo juani. Baba yake aliyetaka atupwe ndiye aliyemjengea kibanda kipya cha chini, kisicho na kizingiti. Akafa usiku mmoja katika nyasi kavu, na mtoto akamfukia nyuma ya nyumba.

Nami nimewaza sana juu ya wale wanafunzi waliocheka pamoja nami. Walikuwa zaidi ya 30. Lau nisingalikifungua kitabu usiku ule, wangalikua wote wakijua kwa ushahidi wa mwalimu wao kwamba aliyeishiwa na faida hutupwa, na Mungu atamruzuku. Na mtoto hulitumia neno la mwalimu mahali asipolikusudia mwalimu. Sisi nasi tunazeeka. Mimi nimepita miaka 50, na magoti yangu katika rakaa ya nne hunikumbusha. Siku tutakapokuwa hatuwezi kuinuka katika matandiko yetu, tutahudumiwa na hao hao waliotutazama leo.

Basi nakuusia, ewe ndugu yangu, nawe una mbuzi aliyekauka maziwa, au punda aliyevunjika kwato, au jogoo kipofu, au sungura wa mwanao: mwendee leo, umtazame amelala juu ya nini, na maji yake yako wapi. Na wewe mwalimu mwenzangu, mtoto akikuuliza, jibu baada ya kutazama, na ukikosea rudi mbele ya wale wale uliokosea mbele yao.

Ewe Mola wetu, tusamehe tulichowafanyia viumbe vyako kwa ujinga na kwa haraka. Tupe mikono ya kuwahudumia waliodhoofika, na utujaalie wa kutuhudumia siku ya udhaifu wetu. Warehemu wazee wetu na waalimu wetu, waliotangulia na waliobaki. Amin.